Asubuhi nataka kuacha sigara, saa nne sitaki tena: je, mimi sina moyo?

"Dokta, jambo sana. Mimi ni mama wa miaka 38, nina watoto watatu, naishi Kampemba hapa Lubumbashi. Nafanya kazi kwenye shirika la kutoa mizigo duane (forodha). Siku zingine niko biro mjini, siku zingine nalala Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nikingojea makaratasi ya magari. Ni huko nilianza sigara, sasa miaka 13, pamoja na madereva. Leo nafika sigara 12 kwa siku. Ya kwanza navuta uani mbele watoto hawajaamka, dakika ishirini hivi toka nimetoka kitandani. Bwana yangu anajua, lakini hatuongeagi juu yake. Mama mkwe hajui, watu wa kanisa hawajui. Natembea na peremende na pafyumu kwenye mkoba. Nimeacha mara tatu, mara ya mwisho nilifika siku tisa. Kinachonisumbua ni hiki: nikitoka nyumbani asubuhi nataka kuacha kabisa, saa nne nikiwa kazini sitaki tena. Je, kweli nataka kuacha, ao nadanganya watu na Mungu? Wenzangu wananiambia nihamie sigara nyepesi, wengine shisha. Naogopa pia kunenepa. Natumia vidonge vya uzazi wa mpango, na nakohoa kidogo asubuhi zaidi ya mwezi sasa, lakini hiyo ni baridi tu."

Mama, jambo. Swali lako la kweli ni moja, hayo mengine yamelifuata nyuma kama watoto wanavyomfuata mama yao sokoni. Unauliza kama nia inayogeuka kati ya alfajiri na saa nne ni nia ya kweli. Nimekaa miaka mingi nikipima wafanyakazi, wanaume wa migodini na akina mama wa maofisini, na nakujibu bila kuzunguka: unataka kuacha. Asiyetaka hahesabu siku tisa. Ila saa nne nia hiyo inakutana na mwili wenye njaa, na hakuna aliyewahi kukueleza njaa hiyo inatoka wapi.

Ukivuta, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko inachochea dopamini, ile kemikali inayouambia ubongo: hapa ni pazuri, turudi tena. Kisha mwili unaanza kuifagia. Kila saa mbili hivi zikipita, nusu yake imetoka. Na kuna jambo ambalo akina mama wengi hawajaambiwa: mwili wa mwanamke, kwa wastani, unaiondoa nikotini haraka kuliko wa mwanaume, na anayetumia vidonge vyenye homoni ya estrojeni anaiondoa haraka zaidi. Yule dereva mnayevuta naye pale Kasumbalesa anaweza kuwa bado ametulia wakati wewe umeshaanza kuhangaika. Ukijilinganisha naye utajiona dhaifu bure.

Sasa itazame siku yako. Umevuta uani, pengine na nyingine kabla ya kupanda basi. Unatoka nyumbani umeshiba nikotini, na mtu aliyeshiba ni rahisi kuapa kwamba kesho atafunga. Saa nne kiasi kimeshuka, mteja anapiga simu anafoka kwamba gari lake limelala mpakani siku ya tatu, shefu anataka hesabu. Mikono haitulii, kichwa hakishiki tarakimu. Unatoka nje, unavuta, dakika mbili umepoa, na unasema: sigara imenituliza. Mama, imekutuliza kutokana na mahangaiko iliyoyaleta yenyewe. Ni kama mtu anayekuibia franka zako asubuhi, mchana anakukopesha hizo hizo, nawe unamshukuru. Watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti 26 mwaka 2014 kuliangalia jambo hili, wakakuta kwamba waliofaulu kuacha walikuwa na wasiwasi, huzuni na msongo mdogo kuliko walivyokuwa kabla. Wiki za kwanza ni ngumu, sikufichi. Lakini "nitachanganyikiwa kazini bila sigara" ni hofu ya wiki hizo tu, haiendelei mwaka mzima.

Wanaosoma tabia za watu wameichambua sana nia. Mmoja wao, Icek Ajzen, aliandika mwaka 1991 kwamba nia ya kufanya jambo inasimama juu ya vitu vitatu: unaona jambo hilo litakupa faida gani au hasara gani, watu unaowajali wanalitazamaje, na je, unaamini unaweza. Nimeona mpango huo unawafaa akina mama wafanyakazi kuliko mahubiri mengi, kwa sababu unakuonyesha ni mguu upi wa meza unaoyumba.

Mguu wa kwanza kwako uko imara. Unajua sigara inaharibu. Nitakuongezea habari moja tu, kwa sababu wengi wa umri wako hunambia "nimeshachelewa". Utafiti mkubwa wa Uingereza uliofuatilia wanawake milioni moja na zaidi ulionyesha kwamba wanaovuta maisha yao yote wanapoteza angalau miaka kumi ya kuishi, na kwamba anayeacha kabla ya kufika 40 anaepuka zaidi ya asilimia 90 ya hatari hiyo ya ziada. Wewe una 38. Hiyo haina maana ya kuendelea miaka miwili kwanza (kuna mama mmoja aliwahi kunijibu hivyo, tukacheka wote wawili, kisha nikamkatalia).

Mguu wa pili, watu, ndio unaonitia wasiwasi. Sisi huku tunasema "kunywa sigara", na mwanaume akiinywa hakuna anayegeuka. Mwanamke akiinywa, tabia yake yote inawekwa mezani: amelelewa wapi, bwana yake anasema nini, anapata wapi pesa. Kwa hiyo unajificha. Aibu hiyo inafanya kazi mbili zinazopingana. Inakusukuma utake kuacha, ndiyo. Lakini inakunyima msaada, kwa sababu huwezi kuomba msaada kwa jambo ambalo "hulifanyi". Wewe umezungukwa na watu ambao wangefurahi uache, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba ulijaribu mara tatu. Zile siku tisa ulizibeba peke yako, pamoja na peremende na pafyumu. Kisha unafika Kasumbalesa, ambako desturi imegeuka: huko sigara ni salamu, dereva anakunyoshea pakiti kabla hajakuuliza habari za nyumbani, na kukataa ni kama kukataa kiti ulichopewa. Ndiyo maana nia yako inabadilika na mahali ulipo. Ingembadilikia yeyote.

Hapo naomba ufanye jambo moja hata kabla ya kupanga tarehe: mwambie mtu mmoja. Kanisa na mama mkwe si lazima wajue. Bwana yako tayari anajua, kimya chenu ndicho kinachohitaji kuvunjwa, na maneno machache yanatosha: "Nimeamua naacha sigara tarehe fulani. Sikuombi unichunge. Wiki ya kwanza nikikasirika ovyo, ujue ni hiyo, na jioni unisaidie na watoto." Kama unaona kumwambia kutaleta vita nyumbani, basi dada yako, au mwenzako wa biro asiyevuta. Na kwa madereva, tumia jina la udaktari: "dokta amenikataza." Kwetu hilo ni neno ambalo hakuna anayebishana nalo, na si uongo, kwa sababu leo nimekukataza.

Mguu wa tatu, kuamini kwamba unaweza, umeuvunja mwenyewe kwa kuzihesabu vibaya zile siku tisa. Unaziita kushindwa. Mimi nikizisoma kama daktari naona kwamba mahangaiko ya kuacha huwa makali zaidi siku mbili tatu za kwanza, kisha yanapungua polepole ndani ya wiki mbili hadi nne. Uliupita mlima, ukaanguka kwenye mteremko. Jiulize siku ya kumi ulikuwa wapi na nani. Nikibahatisha, nasema ulikuwa mpakani, usiku, umechoka, na mtu akakunyoshea pakiti. Ukishajua hivyo, una pa kuanzia.

Na hapa kuna ugunduzi ambao ungepaswa kukupunguzia hukumu. Watafiti waliokusanya tafiti nyingi za aina hii mwaka 2011 waliona kwamba hamu ya kuacha inatabiri vizuri nani atajaribu, lakini haitabiri vizuri nani atafaulu. Kinachotabiri kufaulu ni kiasi cha utumwa wa nikotini. Kwa maneno mengine, kumwambia mama kama wewe "ongeza nia" ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyojaa. Nia unayo. Kinachobaki ni kuutibu utumwa, na kuyapanga mazingira ya kazi.

Kuhusu kazi, nikueleze ninachokiona mara kwa mara. Nikiwauliza akina mama sigara inawapa nini, wachache husema ladha. Wengi husema: "Ni dakika tano ambazo hakuna anayeniita." Nyumbani ni mama, biro ni mtumishi, barabarani ni mteja wa kila mchuuzi. Sigara ndiyo mlango pekee wa kutokea nje bila kuulizwa unakwenda wapi. Ukiiondoa bila kuacha kitu mahali pake, umejinyang'anya pumziko lako, na mwili hautakusamehe. Kwa hiyo dakika tano zibaki. Saa nne toka nje kama kawaida, ila kwa upande ambao wavutaji hawasimami. Tembea mpaka kona na kurudi, kunywa maji, mpigie dada yako. Hamu kali kwa kawaida inapanda na kushuka ndani ya dakika chache, hata usipoilisha. Na kama una sauti pale biro, omba jengo lisivutiwe ndani kabisa. Uchambuzi wa tafiti 26 za sehemu za kazi, uliochapishwa 2002, ulionyesha kwamba penye katazo kamili wengine huacha, na wanaobaki hupunguza sigara kama tatu kwa siku. Kongo yetu iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005, na mkataba huo unamlinda mfanyakazi dhidi ya moshi wa wenzake. Shefu akikuuliza umetoa wapi wazo hilo, unayo majibu.

Haya ya wenzako nitayapitia haraka. Sigara nyepesi haipo. Kichujio chake kina vitundu vidogo ambavyo vidole na midomo huviziba, na mtu akikosa nikotini anavuta kwa nguvu na kwa kina zaidi, kwa hiyo anaishia palepale. Ile ya mentoli inapoza koo tu, moshi ni uleule. Shisha ni mbaya zaidi kuliko watu wanavyodhani: kikao kimoja kinaweza kudumu saa nzima, moshi unaoingia ni mwingi kuliko wa sigara nyingi, na makaa yake yanaongeza gesi ya monoksidi ya kaboni. Maji hayasafishi kitu. Kupunguza mpaka sigara moja kwa siku kunasikika vizuri, lakini hatari ya moyo haipungui kwa hesabu hiyo. Utafiti wa 2018 uliikuta bado karibu nusu ya ile ya mtu anayevuta 20. Sigara za umeme zina sumu chache kuliko moshi, na ziliwasaidia watu fulani kuacha kwenye majaribio, lakini zinazouzwa ovyo hujui ndani kuna nini, na wengi huishia kutumia zote mbili. Kwako sizipendekezi. Na wale wanaosema "mbona tunavuta moshi wa mbabula kila siku", yaani jiko la makaa: ndiyo, moshi wa makala unaumiza mapafu, na ndiyo sababu ya kutokuongezea mwingine juu yake.

Unene unahitaji jibu la ukweli, kwa sababu nimeona akina mama wakirudia sigara kwa sababu hiyo tu na kuona haya kuisema. Nikotini inazima njaa kidogo na inafanya mwili uchome chakula haraka. Ukiacha, hayo yanarudi kawaida. Kwa wastani watu wanaongezeka kilo 4 hadi 5 ndani ya mwaka wa kwanza, nyingi ya hizo katika miezi mitatu ya mwanzo. Wengine haziongezeki, wengine zinapita hapo. Moyo wako utakushukuru hata na kilo hizo. Usianze kujinyima bukari (ugali) wiki ileile unayoacha sigara, vita viwili kwa pamoja huwezi. Weka papai na maji kwenye meza ya kazi pale ambapo sasa kuna peremende za sukari, tembea zile dakika tano, na mambo ya kilo tuyaongee mwezi wa tatu.

Sasa utumwa wenyewe. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Fagerström, na swali lake zito ni lile ulilolijibu bila kuulizwa: sigara ya kwanza inavutwa dakika ngapi baada ya kuamka? Ndani ya nusu saa, kama wewe, inaonyesha mwili umeshikwa kweli. Mtu wa namna hiyo anafaidika na nikotini ya dawa: bandiko la ngozini au ubani wa kutafuna. Vyote viko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2009, na vinaongeza nafasi ya kufaulu kwa karibu nusu zaidi. Bandiko pamoja na ubani ni bora kuliko kimoja peke yake. Ubani wenyewe watu wanautafuna vibaya, kama chingamu. Tafuna taratibu mpaka uhisi muwasho, uuweke kati ya shavu na fizi, muwasho ukiisha tafuna tena, nusu saa hivi. Usinywe kahawa wala soda robo saa kabla. Anayevuta ya kwanza ndani ya nusu saa kwa kawaida anaanza na ule wa miligramu 4, lakini kipimo akuthibitishie daktari au mfamasia. Nunua kwenye famasi unayoiamini, kamwe si kwenye meza ya barabarani. Ukikosa, au bei ikikushinda, bado inawezekana kuacha bila dawa. Ila msaada wa mtu na mpango wa mahali unakuwa mara mbili ya muhimu.

Kahawa: moshi wa sigara unafanya mwili uondoe kafeini haraka. Ukiacha, kikombe kilekile kinakuwa kikali zaidi, moyo unadunda, usingizi unakimbia, na unadhani ni kukosa sigara. Punguza kwa nusu kuanzia siku ya kwanza, hasa zile za usiku wa mpakani.

Mpango wako uandike kwa mtindo wa "ikiwa… basi…". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliuonyesha uwezo wa mtindo huu: uamuzi uliofanywa mapema, wenye mahali na saa, unajitekeleza hata kichwa kikiwa kimechoka. Ikiwa mteja amenifokea, basi natoka upande wa nyuma na chupa ya maji. Ikiwa dereva amenyosha pakiti, basi nasema dokta amenikataza na namwomba peremende. Ikiwa naamka alfajiri, basi nakwenda kuwasha mbabula bila kupitia ile kona ya uani. Zisizidi tatu au nne. Na usinunue sigara moja moja kwa vijana wa barabarani wanaobeba sinia la lotus (karatasi laini za kujipangusa) na bonboni. Ununuzi wa namna hiyo ndio unaoficha pesa, maana hakuna siku unayoona jumla. Wiki hii andika kila franka inayotoka. Ukiteleza ukavuta moja, hujarudi mwanzo. Itupe pakiti, andika ilikuwa wapi, endelea na hesabu ya siku.

Mambo mawili hayawezi kungojea tarehe yako. La kwanza ni kikohozi. Umesema kimezidi mwezi. Hapa kwetu kikohozi kinachopita wiki mbili kinapimwa kifua kikuu, hata kama ni baridi ya msimu wa kiangazi, na kwa mvutaji zaidi, kwa sababu sigara inaongeza hatari ya ugonjwa huo. Nenda kituo cha afya, uliza CSDT, yaani kituo kinachopima na kutibu kifua kikuu, iliyo karibu na Kampemba, toa makohozi. Ukiona damu, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, usilale nayo. La pili ni vidonge. Chukua pakiti yake uende nayo kwa muuguzi au daktari. Kama ni vile vya homoni mbili, mwanamke aliyepita miaka 35 anayevuta kwa kawaida havishauriwi, na akivuta 15 au zaidi kwa siku havifai kabisa, kwa sababu damu inaweza kuganda na kuleta kiharusi au ugonjwa wa moyo. Usiviache ghafla bila mbadala ukapata mimba usiyoipanga. Kuna vipandikizi, kitanzi, na vidonge vya homoni moja. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, au uso na mkono vikilegea upande mmoja, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo.

Onana na daktari kabla ya kuacha pia ikiwa unadhani una mimba, una presha au kisukari, au unatumia dawa za akili, maana nyingine vipimo vyake hubadilika moshi unapotoka mwilini. Na huzuni ikizidi wiki mbili baada ya kuacha, au mawazo ya kujidhuru yakikujia hata mara moja, njoo siku hiyo, usingoje miadi.

Tarehe chagua ndani ya wiki mbili zijazo, siku za biro, mwanzoni mwa wiki. Kama ratiba inakupeleka Kasumbalesa katika siku kumi za mwanzo, omba mwenzako akupokee safari moja, nawe utamlipia mwezi ujao.